Kodi Kamili ya Jean-Baptiste Bisimwa

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Laeken na Ganshoren, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi mliotoka Liège na Lille usiku kucha ili muwahi misa hii, familia ya Bisimwa inawasomea sasa maisha ya ndugu yetu kama alivyoyaishi, kwa ruhusa ya mke wake Rolande aliyeketi hapa mbele, ambaye hajalia tangu Alhamisi ya wiki iliyopita na hataki mtu amwambie alie. Anayesoma ni Euphrasie, dada mdogo wa marehemu, na atasoma mpaka mwisho.

Marehemu Jean-Baptiste Bisimwa alizaliwa tarehe 24 Juni 1962 huko Kadutu, Bukavu, siku ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ndiyo maana baba hakuhangaika kutafuta jina. Alikuwa mtoto wa pili wa fundi cherehani Mzee Bisimwa na mama yetu M'Cirhuza, akitanguliwa na kaka yetu Constant, aliyeketi pale upande wa kulia, na katika nyumba yetu ya Kadutu kutanguliwa hakukuwa jambo la umri tu, kwa sababu Constant alipakuliwa kwanza, alinunuliwa shati kwanza, na shati hilo lilimfikia Jean-Baptiste likiwa limepungukiwa vifungo viwili, naye alilivaa kwa fahari kama limetoka dukani. Hakuna aliyemlazimisha. Sisi wengine tulinung'unika, yeye hakunung'unika, na mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu amezaliwa mdogo na atakufa mdogo, akimaanisha mdogo wa mtu.

Masomo ya msingi aliyasoma Kadutu kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha akaendelea na ualimu hadi alipopata diploma ya serikali mwezi wa saba mwaka 1981, na mwaka huohuo akaanza kufundisha shule ya msingi, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na minane, kwa mshahara uliokuja ulipotaka, akiwa na tai shingoni hata siku ya kwenda kutupa takataka. Vita vilipoharibu kila kitu, aliondoka Bukavu mwezi wa tisa mwaka 1999, akapitia Bujumbura na Nairobi, akafika Brussels tarehe 18 Machi 2000, ambako Constant, aliyekuwa ametangulia tangu mwaka 1989 na alikuwa mtunza stoo wa hoteli, alimpokea katika chumba chake cha kupanga Ganshoren, akamlaza kwenye sofa muda mrefu bila kumuuliza ataondoka lini. Hilo marehemu hakulisahau hata siku moja, na msipolielewa hilo hamtaelewa yanayofuata.

Alifunga ndoa na Rolande tarehe 9 Januari 1993 katika parokia ya Kadutu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Cécile aliyezaliwa mwaka 1995, Noé wa mwaka 1998, na Claudine aliyezaliwa hapa Laeken mwaka 2004, baada ya Rolande na watoto wawili wakubwa kumfuata mumewe mwezi wa sita mwaka 2002. Wale waliokuwa uwanja wa ndege siku ile wanakumbuka jinsi mwalimu mzima alivyosimama na maua ya dukani mikononi akashindwa kuyatoa, mpaka Noé, ambaye hakumfahamu tena baba yake, alipoyachukua akayakalia ndani ya gari.

Kuhusu kazi, marehemu hakuruhusiwa kufundisha huku, akasoma upya, akawa mhudumu wa wazee katika nyumba ya wazee ya Ganshoren kuanzia tarehe 2 Septemba 2002 mpaka ugonjwa ulipomlaza, na wenzake waliopo hapa wametuambia kwamba bibi mmoja Mbelgiji alikuwa anakataa kukatwa kucha na mtu mwingine yeyote isipokuwa monsieur Jean-Baptiste, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa anaomba ruhusa kwanza. Rolande naye alipata kazi mwaka 2006 katika shule ya komini, yaani ya halmashauri, hapahapa Laeken, akiwapokea watoto asubuhi kabla ya darasa na kukaa nao jioni mpaka wazazi watoke kazini, na kazi hiyo anayo mpaka leo.

Sasa tunafika kwenye nyumba. Wapo wazee katika familia waliosema jana kwamba mambo haya hayasomwi kanisani, wakasema yasubiri, lakini Rolande alisema ama yasomwe ama karatasi hii ikae mfukoni na watu waimbe tu, na Constant akasema yasomwe, kwa hiyo yanasomwa.

Tarehe 14 Oktoba 2005 marehemu alirudi nyumbani na funguo, akaziweka mezani mbele ya Rolande, akamwambia kwamba wamepata nyumba, ile nyembamba yenye ghorofa mbili ambayo wengi wenu mmeingia, yenye ngazi inayolia na jiko linalotazama reli. Rolande alikuwa ametoa likelemba yake yote, fedha za zamu yake katika mchezo wa wamama wa parokia, na akiba yao wawili iliingia humo mpaka senti ya mwisho, na mkopo wa benki ukalipwa kutoka mshahara wa marehemu mpaka ulipokwisha mwaka 2017. Rolande alipaka rangi kuta zote kwa mkono wake akiwa amembeba Claudine mgongoni, akachagua njano ambayo mumewe aliiita rangi ya hospitali, na njano hiyo ikabaki. Kitu ambacho hakukiona ni kile kilichofanyika kwa notaire, mwandishi wa hati, asubuhi ile, kwa sababu alikuwa nyumbani na mtoto mwenye homa, nacho ni kwamba nyumba iliandikwa jina la Constant, Constant peke yake, na mkopo ukaandikwa jina lake pia.

Haikuwa hila, wala benki haikudai hivyo, kwa maana kazi ya Jean-Baptiste ilikuwa imara vya kutosha. Ilikuwa tu kwamba kaka yake mkubwa, aliyemlaza kwenye sofa, alikuwa bado anapanga, na kwa mtoto wa Kadutu mdogo hawi mwenye nyumba wakati mkubwa wake ni mpangaji, hawezi hata kulitamka, basi akaona njia ya kupata paa juu ya vichwa vya watoto wake bila kumpita kaka ni kuliandika jina la kaka kisha yeye alipe. Constant alitia saini kwa sababu aliombwa kwa heshima, na mtu anayeombwa kwa heshima namna ile na mdogo wake anakataaje. Wakarudi kila mmoja kwake, na habari ile haikuzungumzwa tena.

Wengi mliomo humu mlimjua marehemu kupitia kodi ya nyumba, ile ya kulipa serikalini tunayoiita précompte, kwa sababu kila Jumapili baada ya misa alikaa kwenye meza ya nyuma ya ukumbi wa parokia, na mliokuwa mmenunua nyumba mlimletea karatasi zenu, akawasaidia kuomba mpunguziwe kodi, huyu kwa ajili ya watoto wanaomtegemea, yule kwa sababu nyumba yake ni ya hali ya chini, na ilipofika mwaka 2017, Mkoa ulipoanza kuwarudishia kiasi kidogo wenye nyumba wanaoishi ndani ya nyumba zao wenyewe, foleni ile ilifika mpaka mlangoni. Aliwauliza kila mmoja maswali yaleyale, kama anaishi humo kweli, na kama jina lake ndilo lililo kwenye hati. Alipenda sana hati iwe safi. Papa Burhani, jirani yetu kutoka Bujumbura, ambaye si wa kanisa hili lakini alikuja na karatasi zake pamoja na sahani ya sambusa, anasema aliulizwa swali la pili mara mbili, na alipoonyesha jina lake marehemu alilitazama muda mrefu, akamwambia amefanya vizuri.

Mtaa mzima ulipata, isipokuwa nyumba ya njano. Papa Burhani alimwambia Rolande getini, bila ubaya wowote, "Mama Cécile, sisi tumeshapata, nyinyi bado?" na Rolande alipompelekea mumewe swali hilo mezani, marehemu alicheka, akamwambia, "Bon, Rolande, si ni hiyo précompte inalipaka masomo ya batoto kule kwenu? Alors tulipe yote, tusiombe kitu, ili bakulipe na wewe vizuri." Na ni kweli kwamba sehemu ya kodi ile inakwenda komini, na komini ndiyo inayowasha mashine za joto katika shule anayofanyia kazi Rolande, kwa hiyo jibu lilikuwa na miguu, na Rolande alilipenda, akalibeba mpaka shuleni, ambako wazazi walikuwa wakibishana getini kama kuwapunguzia wenye nyumba kutazipunguzia shule, akawaambia wenzake kwa kujivuna kwamba mume wake analipa kodi kamili kwa ajili ya watoto wa watu. Mwalimu mkuu alimpongeza mbele ya wote, na siku ile, anasema, alirudi nyumbani akampikia marehemu mboga za lenga-lenga na samaki wa kukaushwa kwa moshi.

Lakini Rolande alikuwa na mwaka mzima wa kufikiri, na akaona kwamba mtu anayekesha juu ya karatasi za wenzake hana sababu ya kuacha haki ya watoto wake, akadhani ni uchovu tu, au ni haya ya kujiombea, basi Jumatano tarehe 14 Machi 2018, siku ambayo shule hufungwa mchana, akaenda mwenyewe kwenye ofisi inayohusika, bila kumwambia, akitaka kumpa raha. Mama wa dirishani alikuwa mpole, alitafuta, akamwambia kwamba nyumba hiyo haina haki ya kitu kile kwa kuwa mwenyewe haishi ndani. Rolande akamjibu kwamba mwenyewe ameamka ndani yake asubuhi hii akanywa chai mbili. Yule mama akageuza kidogo kioo cha kompyuta, akamtajia jina, Constant Bisimwa, mkazi wa Ganshoren, akamuuliza kwa upole kama wao ni wapangaji wake.

Rolande anasema hakusikia uchungu. Alishukuru, akavaa glavu zake, akapanda tramu ikampitisha kituo chake, akashuka mbele akarudi kwa miguu, akapika, na watoto walipokwisha kula akamuuliza mumewe swali moja, naye hakukana. Alimwambia, "Mukubwa yangu anapanga, analipa loyer, mimi niandikwe mwenye nyumba? Hapana, Rolande. Kwetu haiko vile." Rolande akaosha vyombo. Kuanzia siku ile, hakuna aliyepandisha sauti katika nyumba ile, walikwenda misani pamoja, walisherehekea diploma ya Cécile, lakini kuna kitu ndani ya Rolande kilichokuwa kimewaka miaka kumi na mitatu kikazimika, na alipotembea juu ya ngazi zile alitembea kama mgeni anayeogopa kuchafua. Marehemu aliliona hilo. Familia inajua aliliona, kwa sababu Jumapili zilizofuata aliendelea kukaa kwenye meza ya nyuma, lakini swali la pili hakuliuliza tena, aliwaachia watu walisome wenyewe.

Mwezi wa pili mwaka huu wa 2019 alianza kupungua, akasema ni baridi, na mwezi wa nne madaktari wakaona saratani ya kongosho, ambayo haina mazungumzo marefu. Alitibiwa kwa uaminifu mkubwa, akalazwa mara ya mwisho tarehe 21 Oktoba, na katika siku zile Constant alikuja kila alasiri, akipandisha magoti yake mabovu ngazi za metro, akaketi upande mmoja wa kitanda na Rolande upande mwingine. Siku moja marehemu alianza kusema habari ya nyumba, akasema, "Grand frère, ile acte," yaani ile hati, na Constant akamwambia, "Lala, mudogo wangu, lala," akimhurumia, na maneno yakaishia hapo. Rolande ameomba tuseme wazi kwamba katika chumba kile, akiwa ameshika mkono wa mume wake anayekufa, alikuwa akiwaza ataishi wapi na Claudine, na kwamba aliona haya kuwaza hivyo, na kwamba huenda machozi yake yalikaukia hapo. Marehemu alifariki dunia Alhamisi tarehe 7 Novemba, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Juzi Alhamisi familia ilikaa katika sebule ya njano. Rolande alikuwa ameshaweka nguo za watoto katika mifuko, si kwa kuambiwa na mtu, ila kwa sababu alijua sheria inamtaja nani, na alitaka akiambiwa aondoke awe amesimama tayari. Constant aliombwa aseme kama mkubwa, akasema maneno haya, ambayo familia imeyaandika kama yalivyotoka, "Ile nyumba haiko yangu, haijawahi kuwa yangu. Mudogo aliniomba signature, nikamupa, juu alikuwa ananiheshimu. Mu mwaka ya 2011, magoti ilianza kuniuma, nikaenda kuomba logement social, nyumba ya serikali ya bei ndogo, ya chini, isiko na ngazi. Banakataa. Banasema, monsieur, uko na nyumba Laeken. Nikarudi. Sikumuambia kitu, angeona haya, angefikiri heshima yake ndiyo inanifungia mulango. Donc nikaendelea kulipa loyer, ghorofa ya tatu."

Huyu aliyelala hapa alilipa kodi kamili ili asimpite kaka yake, na yule alipanda ghorofa ya tatu miaka minane ili asimuaibishe mdogo wake, na walikutana kila Jumapili, wakasalimiana, wakaulizana hali, kila mmoja akajibu kwamba yuko vizuri. Rolande aliwatazama wote waliokuwepo, akasema tu, "Donc mimi peke yangu ndiyo sikuambiwa," na ndipo Constant, ambaye katika maisha yetu yote hatujamwona akimwomba mdogo yeyote jambo, alimwomba msamaha, kwa jina lake na kwa jina la aliyelala hapa. Rolande hakumjibu ndiyo wala hapana. Familia haimdai jibu.

Kwa hiyo familia inatangaza mbele ya jeneza hili, na ninyi nyote ni mashahidi, kwamba nyumba ya Laeken ni ya Rolande na watoto wake Cécile, Noé na Claudine, kwamba Constant na Rolande watakwenda pamoja kwa notaire Jumatatu tarehe 18 Novemba, na kwamba hata kama sheria itakuwa na maneno yake na gharama zake, neno hili limesemwa na hakuna mtoto wa Bisimwa, wala wa Constant wala wa mwingine yeyote, atakayelirudisha nyuma. Na wale ambao nyumba zenu zimeandikwa majina ya wakubwa, wadogo au wajomba, tunajua mpo humu, mkitoka hapa mkawaambie wake zenu na waume zenu leo hii, wakati bado mnaweza kuulizwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, waliotutafutia kiti cha pili ili mke na kaka wakae wote, inawashukuru wafanyakazi wa nyumba ya wazee ya Ganshoren na yule bibi wa kucha aliyetuma maua, inawashukuru walimu na wenzake Rolande wa shule ya komini waliochukua zamu zake, Papa Burhani na mke wake waliopika siku zote tisa bila kuulizwa, Baba Paroko, kwaya, na kila mmoja aliyewahi kuketi kwenye ile meza ya nyuma.

Tukitoka makaburini tutakula nyumbani kwa Rolande, na tunasema kwa Rolande kwa kukusudia. Atakayefungua mlango ni yeye, atakayeonyesha watu pa kuketi ni yeye, na Constant ameomba kwamba siku ya leo asitangulie kuingia kama ilivyo desturi, atasimama nje barabarani mpaka watu wote wawe wameingia, na ataingia Rolande akimkaribisha, na asipomkaribisha atakwenda zake Ganshoren na hakuna wa kumlaumu Rolande.

Jean-Baptiste Bisimwa, mdogo wa Constant, mume wa Rolande, mengine tuachie sisi, pumzika kwa amani.